Marashi, manukato au uturi? Jibu kwa mwenye lebo

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Dodoma lakini nimeolewa Mombasa. Nimeanza kutengeneza mafuta ya kunukia nyumbani na kuyauza kwenye chupa ndogo ndogo. Hayana spiriti, ni mafuta matupu. Sasa nataka kuchapisha lebo. Mume wangu anasema niandike "marashi", mimi nimezoea "manukato", na mama mkwe anatucheka sote wawili, anasema hicho nilichotengeneza ni "uturi". Ni kitu kimoja au vitatu? Na neno marashi limetoka wapi hasa? Kuna mahali nimesoma eti limetokana na mji wa Marash huko Uturuki.

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa biashara.

Nianze na huo mji wa Uturuki ili tumalizane nao. Mji upo kweli, siku hizi unaitwa Kahramanmaraş, na ukimuuliza Mturuki sifa yake atakutajia aiskrimu, ile nzito inayovutika kama ulimbo. Lakini mimi sitegemei aiskrimu kuikataa hadithi hiyo, nategemea sikio. Waarabu wanalitamka jina la mji huo na herufi ain katikati, Mar'ash. Ain ikiingia Kiswahilini mara nyingi huacha nyuma yake irabu mbili zilizokaa pamoja: ma'na ya Kiarabu imetupa maana, ta'ab imetupa taabu, ba'da imetupa baada. Kwa mwenendo huo tungekuwa leo tunajipulizia "maraashi". Hakuna mtu wa pwani anayesema hivyo, hata mwenye mafua.

Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu, rashsha, maana yake kunyunyiza, kurusha maji kwa matone madogo madogo. Ndimo ilimotoka mvua yetu ya rasharasha, ile isiyokufanya ukimbie lakini ikuharibie nywele ulizotoka kuzichana. Ndimo Waarabu wa leo walimochukua jina la bunduki inayomwaga risasi mfululizo, rashshash, kwa kuwa nayo hunyunyiza kwa namna yake. Na ndimo lilimotoka jina la chombo, mirashsh, yaani kinyunyizio. Wazee wa pwani walilipokea jina hilo wakalitia katika ngeli ya mti na mkoba, wakasema mrashi. Vikiwa vingi, mirashi.

Kwa hiyo marashi hayakuanza kuwa harufu. Yalianza kuwa tendo la mkono. Lishike hilo, maana ugomvi wenu wa lebo utaamuliwa hapo.

Kama hujawahi kuushika mrashi, muombe mama mkwe akuonyeshe. Nyumba nyingi za zamani za Mombasa, Lamu na Unguja hazikosi mmoja kabatini, wa fedha au wa shaba, unaotoka kwa harusi na maulidi kisha ukarudi kufungiwa. Tumbo lake limeviringana kama komamanga, shingo ni ndefu na nyembamba, na juu kabisa kuna kichwa chenye vitundu. Mrashi haumiminwi. Unashikwa shingoni, unatikiswa kwa kiwiko cha mkono mara mbili tatu, na matone yanamwangukia mgeni kichwani na mabegani.

Utotoni nilipewa kazi hiyo kwenye maulidi. Wasomaji wakifika pale pa kusimama, watu wote wanainuka, mmoja anapita na chetezo cha udi, na mimi nyuma yake na mrashi mkubwa kuliko mkono wangu. Nilielekezwa jambo moja tu: usimlenge mtu machoni. Wazee walikinga viganja, wakayapokea matone, kisha wakajipangusa nayo usoni na ndevuni. Wengine walifungua ukosi wa kanzu kidogo ili tone lipite. Nilipomaliza safu ya pili mkono wangu ulikuwa umelowa wote, kwa sababu mrashi ukiuinamisha kupita kiasi maji yanakutiririkia wewe badala ya mgeni. Mpaka leo nikisikia neno marashi, kabla pua haijakumbuka chochote, ni mkono wa kulia unaohisi baridi.

Sasa tazama Kiswahili kilivyolifanyia neno hili ujanja wake. Chombo ni mrashi, na maji yaliyomo ndani yake yakaitwa marashi. Kwetu vitu vya majimaji hupenda kukaa ngeli moja: maji, maziwa, mafuta, mate, machozi, matope. Marashi yalipofika yakiwa na ma- yake tayari mdomoni, yakajikuta nyumbani. Ma- hiyo si yetu, ni herufi mim ya Kiarabu iliyotangulia jina la chombo, lakini nani angeisimamisha mlangoni na kuiuliza kabila? Tukasema marashi haya, marashi yamekwisha, marashi yananukia. Ndiyo maana pia huwezi kumkopesha mtu "rashi moja".

Mwenzake amepita njia hiyo hiyo. Umeshasikia mama mkwe akisema "marashi mawaridi", bila "ya" katikati? Wengi wanadhani hayo mawaridi ni wingi wa waridi, kama vile marashi yametengenezwa kwa maua mengi. Kumbe Kiarabu cha maji ni maa, na cha ua hilo ni ward, na maneno hayo mawili yakibanwa pamoja yanakuwa maward, maji ya waridi. Mawaridi ndiyo maji yenyewe! Kwa hiyo anayesema marashi mawaridi anataja kitu kimoja mara mbili: kwanza kwa namna kinavyotumika, kunyunyizwa, kisha kwa kile kilichomo, maji ya waridi. Ukipenda kuandika "marashi ya waridi" huna kosa. Ila ukimsikia bibi wa Lamu anasema mawaridi, usimsahihishe.

Bara Hindi jambo hili limekwenda kinyume, na linanifurahisha kila nikilikumbuka. Kwa Kiajemi gul ni ua na ab ni maji, kwa hiyo gulab ni maji ya ua, yaani maji ya waridi. Neno lilipozoeleka kwa Wahindi likaacha kuwa maji likawa ua lenyewe: leo gulab kwa Kihindi ni waridi lililo shinani mwake. Mrashi nao wanauita gulabpash, na hiyo pash ni Kiajemi cha kunyunyiza. Lugha tofauti, na bado zote zinautazama mkono unaotikisika.

Maji hayo hutengenezwaje? Mahali panaposifika kwa jirani zetu wa Oman ni Jabal Akhdar, mlimani juu ambako kuna baridi ya kutosha waridi. Mavuno ni ya majira ya kuchipua, mwezi wa Aprili hivi, na maua huchumwa mapema kabla jua halijayachoma. Kwa njia ya kizamani, petali hutiwa chunguni juu ya moto wa kuni, ndani ya chungu kikawekwa chombo kidogo, na mdomo wa chungu ukafunikwa kwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Mvuke unapanda, unagota kwenye tumbo la bakuli, unageuka matone, matone yanadondokea kile chombo kidogo. Bakuli likipata moto, maji yanabadilishwa. Ni kazi ya kukaa karibu na jiko siku nzima. Kinachopatikana huachwa kitulie kwa wiki kadhaa, na hata baada ya kutulia hubaki na harufu ya moshi kwa mbali, ambayo wenyewe wanaipenda kuliko yale maji safi ya kiwandani. Kiswahili kina kitenzi chake cha kazi hii, kukeneka. Ni neno zuri lililopata marafiki wabaya: siku hizi ukilitaja, watu wanafikiria gongo.

Haya, manukato.

Hili ni mtoto wa nyumbani. Limezaliwa na kitenzi kunuka, na kitenzi hicho kina ndugu Afrika nzima ya Kibantu. Mkikuyu anasema kũnunga. Mchewa wa Malawi anasema kununkha. Mzulu anasema ukunuka, karibu sawa na sisi. Wataalamu wanalirudisha kwenye mzizi wa kale wenye n mbili, nunk, na ukijiuliza n ya pili imepotelea wapi kwetu, mtazame kuku: Mchewa anamwita nkhuku, sisi tumeidondosha n. Mchewa anasema munthu, sisi tunasema mtu. Kiswahili hakipendi kuiweka n mbele ya sauti hizo kavu, kinaitupa na kuendelea na safari.

Ila kitenzi hiki kina aibu ya ukoo. Kwa ndugu zake wengi, kusema kitu kinanuka ni kukilaumu, na kwetu ni vivyo hivyo. Samaki ananuka, soksi zinanuka, hata kashfa ya wizi wa fedha za umma inanuka. Kiswahili kimekiokoa kwa irabu moja tu: nukia. Hiyo -ia ndiyo ile tunayoitumia tunaposema pikia, andikia, imbia, kumfanyia mtu jambo. Kinachonuka kinanuka tu, hakijali nani yupo. Kinachonukia kinamnukia mtu. Mimi naona hapo pana adabu nzima ya pwani, lakini sitakulazimisha uione.

Wageni wa lugha hapo ndipo wanapojikwaa. Shemeji yangu mmoja aliyekulia bara alikuja harusini Tanga, akapokelewa mlangoni na mama wa bibi harusi, naye akataka kutoa sifa. "Mama, unanuka vizuri sana." Akadhani "vizuri" itatosha kulisafisha. Mama alicheka, lakini alijinusa kwanza.

Ajabu ni kwamba nomino manukato imezaliwa na kitenzi hicho chenye aibu, na yenyewe haina doa. Hakuna manukato mabaya. Harufu inaweza kuwa nzuri au mbaya, utasema harufu ya asumini na harufu ya choo kwa neno hilo hilo. Ubaya una majina yake: uvundo, shombo, kikwapa, vumba la samaki. Manukato ni kwa wema tu, na ni neno pana: kila kinachotengenezwa ili kinukie kinaingia humo, kiwe majimaji, mafuta, unga, vijiti au maua. Kikuba cha rehani na asumini anachojichomeka mwanamke wa Unguja ni manukato. Sandali iliyosagwa kwenye msio, lile jiwe la kusagia, ikapakwa mwilini ni manukato. Marashi nayo ni manukato. Lakini kikuba hakiwezi kuwa marashi hata kidogo, kwa sababu hakinyunyiziki.

Na nadhani najua ulikoyazoea manukato huko Dodoma. Wengi wa bara neno hilo wamelipata kanisani na shuleni kabla ya kulipata dukani. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, katika Mithali 27:9, inasema "Marhamu na manukato huufurahisha moyo." Aliyekua akisikia mstari huo ukisomwa hawezi kulionea ugeni. Marashi wengi wao walikutana nayo baadaye, kwa mtu wa pwani au kwenye chupa. Kwa hiyo wewe na mumeo hamkupishana kwa ufahamu wa Kiswahili. Mmepishana kwa njia neno lilikopita kuwafikia.

Mama mkwe sasa. Mheshimu sana mama huyo.

Uturi umetoka kwenye Kiarabu itr, kitu cha kunukia, ambacho wingi wake ni utur. Ni neno lile lile lililokwenda Uajemi na Bara Hindi likawa attar, na aliyeuza vitu hivyo akaitwa attar vilevile, kwa mkazo wa t mbili. Yule mshairi mkubwa wa Nishapur, Farid al-Din Attar, jina lake linatokana na kazi hiyo ya kuuza dawa na manukato. Sisi tulichukua wingi wa Kiarabu, na kwa bahati ukaanza na u-, ukakaa pamoja na utamu na uzuri bila kujisukuma. Ubani nao uliingia kwa njia kama hiyo: Waarabu wanasema luban, neno la ukoo mmoja na maziwa, kwa kuwa utomvu wa mti ule hutoka mweupe, sisi tukaidondosha l, ukabaki ubani, ukaingia ngeli ya u- kama mwenyeji. Wazungu nao waliupata kwa Waarabu hao hao ukiwa na al- yake mbele, wakauita olibanum.

Uturi ni mafuta. Haunyunyizwi. Unapakwa kwa ncha ya kidole au kijiti cha kioo, tone moja kwenye mshipa wa mkono, jingine nyuma ya sikio, na kwa wanaume kidogo kwenye ukosi wa kanzu. Wauzaji wa Ghuba wanaupima kwa tola, kipimo cha Bara Hindi chenye uzito wa gramu 11 na ushei, ndiyo maana chupa nyingi za uturi zina takriban mililita 12 na si 10 wala 15. Kwa kuwa hauna spiriti, harufu yake hairuki ukaisikia mlango wa pili. Inakaa karibu na ngozi, inapanda taratibu kadiri mwili unavyopata joto, na jioni bado ipo. Mtu akikukaribia ndipo anaipata. Hayo ndiyo mafuta uliyonieleza. Mama mkwe alikwisha kuyanusa akajua.

Umeniuliza maneno matatu, lakini lipo tawi jingine ambalo ni vibaya kulipita kimya, nalo ni la moshi. Udi, ubani, uvumba, vyote hivi havinyunyizwi wala havipakwi, vinafukizwa. Mtu anajifukiza nguo kwa kuzitandika juu ya chetezo, anafukiza chumba, anafukiza nywele. Neno parfum la Wafaransa, ambalo sasa linauzwa mitaani kwetu likiitwa pafyumu, lilianzia huku huku: ni Kilatini cha kupitia moshini. Yaani Ulaya jina la chupa ya kupulizia lilitoka motoni, na kwetu jina hilo lilitoka majini. Udi wenyewe kwa Kiarabu ni kijiti au ubao tu, na ndiyo sababu ala ya nyuzi inayopigwa kwenye taarabu ina jina lile lile la kitu kinachochomwa chetezoni. Anayetafuta jambo kwa udi na uvumba ametumia kila njia aliyonayo, amefukiza cha bei na cha rahisi. Na ubani umekwenda mbali zaidi, ukawa mchango unaopelekwa kwa wafiwa: mtu anatoa ubani bila chembe ya ubani ndani ya bahasha. Kuna hata karafuu maiti, ambayo si karafuu kamwe. Ni kafuri, iliyopata jina hilo kwa kuwa hutumika kuandalia maiti. Usije ukaitia kwenye mchanganyiko wako kwa kudanganyika na jina. Mteja wa pwani ataisikia mara moja na hatarudi.

Miski na ambari nitazipita. Utazikuta kwenye orodha za wauzaji, na siku hizi nyingi ni za maabara, hazijamwona paa wala nyangumi.

Marashi hayakukomea pwani. Yamepanda bara na misafara na wauza maduka mpaka Kongo, na huko wasemaji wa Kilingala, ambao lugha yao haikuwa na r wala sh, wakayaita malasi. Ukiwa Kinshasa ukataka manukato, omba malasi, utapata. Komoro nao wanasema marashi kama sisi, na wana haki ya kuringa nalo: visiwa vyao vinaitwa visiwa vya manukato kwa sababu ya langilangi, ua la njano lenye petali zilizolegea kama utepe, ambalo Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Langilangi hiyo imo hata ndani ya Chanel No 5, iliyotoka mwaka 1921. Jina lake limetoka Ufilipino, ilang-ilang, na mti wake tunao Unguja na Pemba, tunauita mlangilangi. Wanawake huchuma maua yake kuyatia kwenye nywele na kitandani bila habari kwamba Paris wanayauza kwa tone. Pemba kwenyewe, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu ambavyo mkulima angevitupa. Yanakenekwa yakatoka mafuta, na pamoja nayo hukenekwa mchaichai na mkaratusi. Kama unatafuta malighafi ya karibu badala ya kuagiza vichupa kutoka Dubai, anzia huko kuuliza.

Turudi kwenye lebo yako.

Ukiniuliza mimi, chupa ya mafuta matupu isiyo na spiriti iandikwe UTURI kwa herufi kubwa. Ni neno sahihi, ni fupi, linapendeza kwenye chupa ndogo, na mteja wa Mombasa akiliona atajua aliyetengeneza si mbabaishaji. Lakini ukiwauzia na wa kwenu Dodoma, wengi hawatalielewa, watafikiri ni jina la kampuni. Kwa hiyo chini yake, kwa herufi ndogo, andika "manukato ya mafuta". Hapo wewe na mama mkwe mmepata haki zenu kwenye lebo moja.

Mume wako asikate tamaa. Watu wengi sasa wanaita marashi kila kitu cha kunukia kilicho kwenye chupa, na kamusi haziwezi kuwashtaki. Neno limekua, limetoka mkononi likaingia puani, na sitasimama njiani kulirudisha. Kwenye mazungumzo aendelee tu. Ila kwenye bidhaa ningependa neno libaki na kazi yake. Siku utakapotengeneza aina ya pili, yenye spiriti na kipulizio juu, hiyo iandike marashi bila kusita. Kipulizio kile ni mrashi uliokatwa shingo: unabonyeza, matone yanaruka, mgeni anapokea. Mwambie chupa hiyo itakuwa yake.

Angalia na vitenzi vya maelezo nyuma ya chupa, maana kila jina lina kitenzi kinacholifaa. Uturi hupakwa. Marashi hunyunyizwa au hupuliziwa. Usiandike "nyunyiza uturi", mteja atatikisa chupa na mafuta yote yataishia kwenye kanga.

Na kabla hujamlipa mchapaji, soma lebo kwa sauti, herufi kwa herufi. Jirani yangu mmoja alichapisha lebo mia mbili za marashi yake kwa mchapaji aliyekuwa na haraka, akazibandika zote usiku, na asubuhi ndipo mtoto wa shule akamsomea: "Yananuka siku nzima."